Usiizime Feni, Itengeneze

Feni ya radoni ikianza kunguruma usiku, kuna wanaoizima wapate usingizi. Asubuhi wanaiwasha, wakikumbuka. Tabia hiyo ikome.

Radoni ni gesi itokayo ardhini, isiyo na rangi wala harufu. Hupenya kwenye nyufa za sakafu na kujazana ndani, hasa wakati wa baridi madirisha yakiwa yamefungwa. EPA, idara ya mazingira ya Marekani, inakadiria kuwa gesi hii huua watu wapatao 21,000 nchini humo kila mwaka kwa saratani ya mapafu. Sigara tu ndiyo inayoitangulia. Huko Iowa, ambako Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepata makao, kaunti zote 99 zimo katika daraja la hatari kubwa zaidi.

Feni huivuta gesi hiyo kutoka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa, saa 24 bila kupumzika. Ukiizima usiku, gesi inarudi, na watoto wanaivuta wakiwa wamelala.

Halafu kelele yenyewe mara nyingi ni kazi ndogo. Mara ngapi tatizo si feni bali bomba! Limefungwa moja kwa moja kwenye mbao, basi nyumba nzima inatetemeka kama ngozi ya ngoma. Bomba litengwe na mbao kwa mpira, na feni iungwe na bomba kwa viungio vya mpira. Ukisikia maji yanagugumia, bomba limelazwa vibaya. Liinamishwe ili maji yarudi ardhini. Hewa ikivuma kule juu inakotokea, ipo sailensa ya kufunga pale. Ukisikia mkwaruzo wa chuma, beringi zimekwisha: nunua feni nyingine. Hizi mashine huchoka baada ya miaka kadhaa, na kungoja hakuziponyi.

Lakini watu wanaziba masikio kwa pamba, wanahamisha vitanda, wanagombana nani aizime, na fundi bado hajapigiwa simu. Kama umepanga, mwandikie mwenye nyumba leo, ubaki na nakala.

Kazi ikiisha, pima hewa upya. Vipimo vinauzwa madukani. Kipimo kikisoma pikokuri 4 kwa lita au zaidi, fundi yule yule arudi.