Kumchora mtu kwahitaji mtu

Kwa muhula mzima mwaka uliopita nilikuwa mwanafunzi. Nakiri jambo hili bila ya haya, ijapokuwa wenzangu katika idara ya isimu walilifanyia mzaha usiokwisha. Kila Jumatano jioni nilikuwa nikifunga afisi yangu, navuka uwanja hadi karakana ya sanaa na kuketi kwenye kigoda miongoni mwa vijana ambao baadhi yao niliwahi kuwafundisha stadi za mawasiliano. Wakati huo nilikuwa nakusanya majina ya Kiswahili ya viungo vya mwili, na mwalimu wao, rafiki yangu wa siku nyingi, aliniambia, “Daktari, wewe unayo majina tu. Njoo uvione vyenyewe.”

Nilikwenda, na jioni ya kwanza nikaaibika. Nilichora kichwa nikayaweka macho karibu na paji la uso, kama afanyavyo mtoto wa chekechea. Kumbe, msomaji, macho ya mwanadamu yamo katikati hasa ya kichwa, nusu ya njia kutoka utosini hadi kidevuni. Pima kwa vidole vyako ukiwa hapo ulipo. Hatuamini kwa sababu uso ndio tunaozungumza nao, nalo fuvu lililo juu yake hatuna haja nalo. Jioni ya pili tulifundishwa kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupimia kwa kalamu: mtu mzima ni kama vichwa saba na nusu kwa urefu, na mtoto mchanga ni kama vichwa vinne. Mchoro wangu ulikuwa na vichwa vitano, lakini ulikuwa na masharubu.

Aliyekaa mbele yetu ili achorwe alikuwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa kuunda majahazi. Alikaa kwa kikoi na fulana, dakika ishirini hivi kwa kila mkao, akapumzika, akarudi. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo lililonisukuma kuandika makala haya. Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza, na wanafunzi wakaitikia kwa Kiingereza; lakini walipogeukiana kusahihishana walitumia Kiswahili, na katika Kiswahili chao mkono ulikuwa mkono tu, kutoka begani hadi kuchani. Karatasi nyingi zilionyesha hivyo hivyo: mrija mmoja ulioishia kwa vidole vitano.

Ningependa kutahadhari hapa, maana wapo watakaorukia kusema kwamba lugha yetu ni maskini na ndiyo iliyowapofusha vijana. La hasha! Kirusi nacho kina neno moja la mkono wote, na jingine la mguu wote, na Warusi hao hao ndio waliotupa Ilya Repin, ambaye mikono aliyoichora yaweza kukusimulia maisha ya mwenyewe. Isitoshe, Kiswahili hakikukosa maneno. Kuna kiwiko, kigasha, kiganja. Kuna muundi na shavu la mguu, kuna mtulinga unaotokeza chini ya shingo, kuna pia ya goti. Maneno yapo, hayajapata kualikwa darasani. Kijana aliyekuwa jirani yangu, nilipomwonyesha muundi wa yule mzee na kumpa jina lake, alinitazama kama kwamba nimelibuni papo hapo.

Kubwa zaidi ni vipimo. Vitabu vya sanaa havikosi kuonyesha mchoro wa Leonardo da Vinci wa mwaka 1490 hivi, ule wa mtu aliyetanua mikono ndani ya duara na mraba. Leonardo alikuwa anamfuata Vitruvius, msanifu majengo wa Roma ya kale, aliyefundisha kwamba upana wa mikono iliyotanuliwa ni sawa na kimo. Wanafunzi wetu hukariri hayo kwa ajili ya mtihani. Lakini bibi zao walipima kanga na mikeka kwa hesabu hiyo hiyo: shubiri mbili ni dhiraa, yaani kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, dhiraa nne ni pima, yaani mikono iliyotanuliwa, na pima ndiyo kimo cha mtu. Leonardo naye aliandika kando ya mchoro wake kwamba dhiraa nne ni mtu. Jambo hili nililijua kama mwanaisimu kwa miaka ishirini, wala sikulijua kwa macho.

Wapo wanaosema kwamba kumchora mtu aliye hai ni desturi ya kigeni. Hoja hii si ngeni. Bi Margaret Trowell, aliyeanzisha mafunzo ya sanaa Makerere mwishoni mwa miaka ya 1930, alisita kuwatwika wanafunzi wake mazoezi ya Ulaya. Alipendelea kuwasimulia kisa wakachora walichokiona moyoni. Mmoja wao, Sam Ntiro wa Tanganyika, alikwenda baadaye katika chuo cha Slade, London, kinachosifika kwa kuchora watu, akarudi na kuendelea kuchora vijiji vya Kilimanjaro kwa namna yake mwenyewe. Kwangu mimi mfano wa Ntiro unawajibu wenye hofu. Alijifunza, kisha akachagua. Asiyefundishwa hana cha kuchagua. Na suala la uchi, ambalo huzua kelele kila likitajwa, si lazima litukwamishe: kikoi na fulana vilitosha kutufundisha mengi.

Kinachonikera ni kwamba muhula uliofuata mzee yule hakuitwa. Fungu dogo la malipo yake lilifutwa, na wanafunzi wakaambiwa wachore kutokana na picha za simu. Mtaala mpya wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umetenga mkondo mzima wa Sanaa na Sayansi ya Michezo katika sekondari ya juu. Walimu wake watatoka wapi, ikiwa wanaoandaliwa leo hawajapata kumtazama mtu kwa saa nzima? Picha imekwisha kukuamulia kila kitu: imekulazia bega bapa, imekuchagulia kivuli, na haichoki ikainama. Mzee alichoka, na bega lake la kulia likashuka chini ya la kushoto, nasi tukalifuta tulilochora tukaanza upya.

Jioni ya mwisho alizunguka kutazama kazi zetu. Alipofika kwangu nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akaweka shubiri yake juu ya karatasi kama afanyavyo juu ya ubao.

“Mwanangu,” alisema, “huyu ukimsimamisha, kiganja hakifiki pajani. Ataokotaje patasi?”

Nikachukua kifutio.