Hilo Mnaloliita Pori Lina Wenyewe

Kwa ndugu zangu wote wa nyumbani,

Huku Reading tu wazima, baridi imeanza kung'ata, na zamu zangu za usiku kwenye nyumba ya wazee zinaendelea kama kawaida.

Jumapili niliamka nikakuta picha kumi na moja kwenye simu. Vichaka, njia nyembamba ya mchanga, kijana kanyoosha mkono kuonyesha mpaka. Chini yake ujumbe: ekari 50 Kilindi, bei ya kutupa, pori tupu, dalali ni mtu wetu, tuma nusu kabla ya Ijumaa. Ahsanteni kwa kunikumbuka. Ila pori tupu nilishanunua mara moja, na wengi wenu hamjui lilivyoishia kwa sababu niliona aibu kusema.

Mwaka 2019 nilinunua ekari 20 Handeni, kila ekari shilingi 150,000. Milioni tatu jumla, haifiki mshahara wangu wa mwezi mmoja. Nikatumiwa karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji, sahihi ya mwenyekiti na mashahidi wawili. Nikaiweka pamoja na pasipoti, nikajiona na mimi sasa ni mtu mwenye shamba.

Agosti 2023 nikaja kuliona. Basi mpaka Mkata, gari dogo mpaka Handeni mjini, kisha bodaboda saa nzima. Nikakuta mihogo. Imepaliliwa, imenyooka mistari, na katikati yake mwembe mkubwa. Mwembe huo hata kwenye picha za 2019 ulikuwepo, ila sikujiuliza ni pori gani hilo lenye mwembe katikati. Chini yake alikaa mama mmoja wa makamo akimenya mihogo ya kuanika makopa. Akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akauliza, "Wewe ndiye Uingereza?"

Kumbe shamba langu lilikuwa na jina pale kijijini: shamba la Uingereza. Akanipa kigoda na maji ya kunywa, ndipo akanieleza. Mwembe aliupanda baba mkwe wake. Aliyeniuzia ni mtoto wa shemeji yake, alikuwa anataka pikipiki. Niliiona hiyo pikipiki, imeegemezwa ukutani, haina tairi la mbele. Ule upande wa juu usiolimwa, nilioambiwa hauna kazi, ndiko akina mama wanakookota kuni, na kiangazi ng'ombe wa wafugaji hupita hapo kwenda kunywa maji. Yote hayo aliyasema taratibu, mkono haujaacha kisu. Afadhali angenifokea.

Tukapima upya. Kule ekari ni hatua 70 kwa 70, na swali ni hatua za nani. Hesabu hiyo inakaribia ekari ya kweli, yaani mita za mraba 4,047, kama mpimaji anatupa mguu sentimita 90 kila hatua. Akitembea kwa sentimita 75 tu, unabaki na mita za mraba 2,756, na fedha umelipa ya ekari nzima. Aliyenipimia mimi sijui alikuwa mfupi au alilipwa atembee kama mgonjwa. Kwa GPS ya simu, ekari zangu 20 hazikufika 14.

Kesho yake nikaenda ofisi ya kijiji kuomba kuona muhtasari wa kikao kilichojadili ununuzi wangu. Hakikuwepo kikao. Mtu wa nje anayenunua haki ya mwanakijiji anahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji yenyewe, siyo ya mwenyekiti peke yake na muhuri wake mfukoni. Na kama ni kijiji kinachogawa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inataka mkutano mkuu wa kijiji uridhie kwanza. Mama yule angeweza kunipeleka baraza la ardhi la kijiji, lile la wajumbe saba ambao watatu lazima wawe wanawake, na ningeumbuka mchana kweupe. Hakunipeleka. Alikuwa akingoja tu siku nitakayotokea.

Tulimalizana hivi: mihogo, mwembe na njia ya ng'ombe vikarudi kwao. Zilizobaki, ekari nane, zikapelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, safari hii mimi nimekaa palepale kwenye benchi nikiulizwa nataka kulima nini. Fedha sikurudishiwa, na hati ya hakimiliki ya kimila bado naisubiri.

Ndiyo maana picha zenu zilinikosesha usingizi. Bei ile ya Handeni ilikuwa ndogo kwa sababu waliotakiwa kuulizwa hawakuulizwa. Na sisi tulio mbali ndio wateja wazuri wa ardhi ya namna hiyo, kwani hatuji kuona. Wenzangu wengi hapa wameshachukua uraia wa Uingereza, na Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, basi kwa kuwa si raia wa nyumbani tena wananunua kwa jina la kaka au shangazi, na ugomvi wa ukoo unaanzia hapo. Kisha shamba linaachwa. Ardhi ya kijiji ikikaa bila kutumiwa miaka mitano na zaidi, halmashauri inaweza kuanza utaratibu wa kuitangaza kuwa imetelekezwa, na kusema kweli sioni ubaya wake.

Kwa hiyo, kabla ya kunitumia picha nyingine, nendeni wenyewe. Muulizeni anayekata kuni hapo, siyo dalali. Mke wa muuzaji awepo na aseme kwa mdomo wake. Habari ifike kwenye kikao, iandikwe, nami nitumiwe muhtasari na siyo muhuri. Na mniambie nani kati yenu atashika jembe, maana mimi nitakuwa huku nikibadilisha mashuka ya wazee.

Za Kilindi, mwambieni dalali sitaki. Na atakayepita Handeni mwezi huu ampelekee yule mama sukari kilo mbili. Nilimwahidi.

Ndugu yenu,
Reading, Uingereza