Filamu Bubu Zinatula Pesa

Wasee, leo nasema hili na kama kuna muuzaji atanibloki, na anibloki. Kumuuzia mtu filamu isiyo na alama za DX, ama yenye alama za uongo, huku unajua ana kamera ya mfukoni, halafu unyamaze, huo ni wizi. Usiniambie ati ni sanaa.

Najua wengi wenu mmeingia kwa hizi kamera juzi juzi. Unatoka Kongowea na kakamera ka plastiki kalikokuja na mitumba, unaweka betri, flashi inawaka, unasikia umeomoka. Sasa ebu chukua kaseti ya filamu uiangalie ubavuni. Ile ya kiwandani ina miraba 12, safu mbili za sita sita, mingine rangi ya chuma na mingine myeusi. Lile si pambo. Kodak walileta hiyo mambo 1983 na kampuni zingine zikafuata. Ndani ya kamera, pale kaseti inapolala, kuna vyuma vidogo vinavyogusa hiyo miraba. Kikigusa chuma, umeme unapita. Kikigusa rangi nyeusi, haupiti. Kwa huo mchezo wa kupita na kutopita ndio kamera inajua filamu ni ya 100, 200 ama 400, yani inataka mwanga kiasi gani.

Na kamera ya mfukoni, nyingi yake, haina pahali pa wewe kuweka hiyo namba. Inaamini miraba tu. Haionji filamu, haisomi lebo, haijui uliambiwa nini WhatsApp.

Ikikosa miraba, nyingi zinajiwekea 100 na maisha yanaendelea. Umeweka filamu ya 400? Mchana pale Shelly Beach hutaona shida, filamu ya rangi inavumilia mwanga ukizidi. Lakini jioni, ndani ya feri, kamera inadhani filamu ni nzito wa kuona, inaacha mlango wazi muda mrefu, mkono unatikisika, na kila mtu anatoka kama mzimu. Halafu watu wanaandika chini ya picha, "mood". Mood gani? Hiyo ni namba imekosewa.

Mbaya zaidi ni kaseti zilizotumika tena. Binamu yangu wa Mtongwe alinunua roli mtandaoni, muuzaji simtaji. Lebo ya karatasi ilisema 100, lakini ukiibandua chini yake kaseti yenyewe ni ya 400, na miraba yake ya 400. Fanya hesabu: kila namba ikidouble, filamu inahitaji nusu ya mwanga. Kwa hivyo kamera iliipa filamu robo ya mwanga iliyotaka. Robo! Ilikuwa arusi ya dada yake. Kanzu nyeupe zilionekana, nyuso za watu zikawa tope, na nyanya yetu aliyekaa pembeni ya ukumbi huwezi kujua kama ni yeye ama ni pazia. Giza likikosa mwanga ndilo la kwanza kupotea, na ngozi zetu ndani ya ukumbi wa taa mbili ziko upande huo huo. Muuzaji aliambiwa, akajibu, "Kamera yenu ni mbovu."

Hapo ndio nilikasirika. Kamera ilifanya kazi yake sawasawa. Ilidanganywa.

Na msiniletee ile stori ya "filamu haina uhakika, ndio utamu wake". Miaka ya tisini pale kivukoni Likoni kulikuwa na wapiga picha na vibanda vyao, wengi wametoka bara, wamepamba mapazia ya meli na ndege nyuma, wewe unasimama mbele kama unasafiri. Watafiti wameandika kuwahusu hadi nje ya nchi. Unadhani mteja alikuwa analipa ukungu? Mtu anatuma picha nyumbani, uso lazima uonekane. Wale walikuwa wanauza uhakika. Sisi tunauziwa bahati nasibu kwa bei ya juu na tunaambiwa tushukuru.

Kuna hii ingine ya filamu zilizoexpire. Miraba inasema ahadi ya kiwanda siku ile imetoka. Haijui kwamba roli ilikaa miaka 20 kwenye droo ya duka bila feni, kwa hili joto letu la Mombasa. Filamu ikizeeka kwa joto inapoteza nguvu, lakini alama bado inaapa ni 200. Kamera inaamini, picha zinatoka kijivu. Bei nayo ni ile ile ya mpya, ati ni "vintage".

Dawa ipo na si ya chuo (mimi niliacha chuo, sikuacha kusoma). Tafuta kaseti tupu ya namba unayotaka, uige mchoro wake: kwaruza rangi kwa wembe pale panapotakiwa chuma, bandika seloteipu pale panapotakiwa kuzibwa. Kama kaseti yako ina lebo ya karatasi juu ya miraba, itoe kwanza. Roli iliyozeeka, ipe mchoro wa namba ya chini, mwanga uzidi badala ya kupungua. Ni kazi ya dakika tano.

Lakini mbona nifanye mimi kazi ya muuzaji? Anayejaza filamu mwenyewe ana wembe, ana seloteipu, na anajua alichoweka ndani. Akishindwa, aandike kwa lebo: haina DX, kamera yako itasoma 100. Maneno machache tu. Kabla hujatuma M-Pesa, muulize akupigie picha ya ubavu wa kaseti. Akikwambia "usijali bro, itatoka tu", wewe rudisha simu mfukoni.