Dawa za Unyumba: Mwanamke Aulizwe Kwanza

Liko jambo ambalo watu wazima hulisema kwa kunong'ona, nasi twaona wakati umefika lisemwe wazi, kwa heshima yake. Wako akina mama wengi, vijana kwa wazee, waliopotewa na hamu ya unyumba. Baadhi yao huvumilia kimya kwa miaka. Wengine hulaumiwa na kutishiwa kuletewa mke mwenza. Na wakiisha kuchoka na lawama, huenda kutafuta dawa.

Tuuchukue mji wa Nakaloke uwe mfano wetu. Mji huo uko kaskazini ya Mbale, kando ya barabara iendayo Kumi na Soroti. Huko Wagisu, Wagwere na Wateso ni majirani, na kila kabila lina miti yake na mafunzo yake ya nyumbani. Mwanamke wa Nakaloke atafutaye dawa ya namna hii, kama mwenzake wa Jinja au Kampala, hana haja ya kusafiri mbali. Iko mizizi ya mulondo ya kutafuna. Iko habasoda, asali, tangawizi na mdalasini. Na ziko chupa zisizoandikwa neno lolote, ambazo muuzaji huapa kuwa zatibu kila kitu, tangu tumbo hadi ndoa.

Sisi hatumo katika kundi la wale wanaodharau mitishamba. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulikubali kwamba waganga wa jadi wana nafasi yao katika huduma za msingi za afya. Hapa Uganda, taasisi ya utafiti wa dawa za asili iliyoko Wandegeya, Kampala, imekuwapo tangu miaka ya 1960. Aidha, Bunge lilitunga Sheria ya Tiba za Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2019. Jambo lililofikia kutungiwa sheria si jambo la kuchekwa.

Lakini kuiheshimu dawa ni kutaka kuijua. Mulondo, ambao majirani zetu wa Kakamega huuita mukombero, ni mmea utambaao wenye mizizi ya harufu nzuri. Wengi husifu kwamba huleta hamu ya chakula na ya unyumba. Wataalamu wameuchunguza, ila majaribio yao mengi yalifanywa kwa panya dume. Basi mwanamke anapoambiwa kwamba mzizi huo umethibitishwa kumfaa yeye, anaambiwa jambo ambalo halijathibitishwa. Kuutafuna si kosa. Kosa ni kumwahidi mtu asichoweza kuahidiwa.

Uwatu una habari bora kidogo. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2015, wanawake 80 wa Australia waligawanywa makundi mawili, na waliopewa dawa iliyotokana na mbegu za uwatu walieleza kuongezeka kwa hamu. Hata hivyo, wanawake 80 ni wachache. Tena uwatu hushusha sukari mwilini, kwa hiyo mgonjwa wa kisukari anayemeza vidonge hana budi kumwuliza mganga wa hospitali kwanza. Na mama mjamzito asiutumie kama dawa.

Hatari kubwa zaidi imo katika chupa isiyo na jina. Mamlaka ya Taifa ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993, imepata kuwaonya wananchi kwamba baadhi ya dawa ziitwazo za mitishamba, hasa zile za nguvu za kiume, zilikutwa zimetiwa kemikali ya hospitali iitwayo sildenafili. Kemikali hiyo ikikutana na baadhi ya dawa za moyo huweza kuua. Ikiwa mume amedanganywa hivyo, ni nani atuhakikishie kwamba chupa ya mke ni salama?

Ziko pia dawa ambazo hazinywewi, bali hutiwa ukeni ili kukausha au kubana. Hapa hatutapindisha maneno. Dawa hizo huunguza na kuchubua, na mchubuko ni mlango wa maradhi, UKIMWI ukiwamo. Tena hamu hairudi kwa maumivu. Mwanamke aumiaye kila usiku atauchukia usiku wenyewe.

Sasa tufike kwenye shina la jambo. Mwanamke akienda kununua dawa, muuzaji humwuliza ana fedha kiasi gani. Ni nadra kumwuliza kwa nini hamu imeondoka. Na sababu ziko nyingi. Mama anyonyeshaye, mwili wake hubadilika, na hamu hupungua kwa muda. Aliyekoma hedhi huweza kupata ukavu unaoumiza. Upungufu wa damu, kisukari, huzuni nzito ya moyo, majeraha ya uzazi, na hata baadhi ya dawa za shinikizo la damu au za huzuni, yote haya huweza kuizima hamu. Upande wa Sebei, wako wanawake waliokeketwa kabla ya sheria ya mwaka 2010 kupiga marufuku ukeketaji; maumivu yao hayaponi kwa mzizi.

Tena iko sababu isiyohitaji mganga kuitambua. Mwanamke aliyeamka kabla ya jua, akalima, akateka maji, akapika, akaogesha watoto, kisha akasemwa vibaya mbele yao, atapata wapi hamu? Huyo dawa yake ni usingizi, msaada wa kazi na neno jema. Dawa hiyo haiuzwi gulioni. Iko mikononi mwa mume. Akina baba wapelekao wake zao kwa waganga wajiulize kwanza kama wao wenyewe si ugonjwa.

Wazee wetu hawakuwa wajinga katika hili. Buganda ilikuwa na ssenga, pwani ilikuwa na somo na kungwi. Kazi yao haikuwa kutoa majani tu. Walisikiliza, wakauliza, wakamwita na mume pale ilipobidi. Sisi tumeyachukua majani tukaacha mazungumzo.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, waganga wa kweli wajiandikishe, na dawa zao ziandikwe jina la mti, kipimo na watu wasiopaswa kuitumia. Pili, vituo vya afya, kuanzia vile vidogo hadi hospitali kuu ya Mbale, viwaulize akina mama habari hizi faraghani na bila kejeli, hasa wajapo kliniki na watoto wao. Kwani mama asiyeulizwa hatasema. Tatu, mume na mke waende pamoja, au angalau wakae pamoja wazungumze.

Mficha uchi hazai, ndivyo tulivyofundishwa. Mwanamke aliyepotewa na hamu hana hatia wala si mgonjwa wa kufichwa. Aulizwe kwanza, asikilizwe, ndipo atafutiwe dawa. Huenda ikaonekana kwamba dawa yenyewe haikuhitajika.