Ufunguo Mkuu wa Kompyuta Usiwe wa Kila Mtu

Hapa Samunge maji ya mfereji hayafunguliwi na kila apitaye. Tangu zamani Wasonjo, yaani Wabatemi, wamekuwa na wazee wa maji waitwao wenamiji, na hao ndio wapangao zamu. Mtu akijifungulia apendavyo, shamba lake litalowa na ya wenzake yatakauka.

Siku hizi umezuka ubishi miongoni mwetu wanafunzi juu ya kompyuta zitumiazo Linux. Wako wasemao kwamba kumnyima mwanafunzi neno la siri la root, yaani mtumiaji mkuu, ni kumdharau. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Katika Linux kila faili ina mwenyewe, ina kundi lake, na wako watu wengine waliobaki. Kila upande hupewa au hunyimwa ruhusa tatu: kusoma, ambayo hesabu yake ni 4, kuandika, 2, na kuiendesha faili kama programu, 1. Basi faili ya alama za mtihani ikiwekwa 640, mwalimu mwenye faili aweza kuisoma na kuiandika, walimu wa kundi lake waweza kuisoma tu, na sisi wengine hatupati kitu. Ikiwekwa 777, kila mtu aweza kufanya lolote. Wengi wetu, kompyuta ikitukatalia, hukimbilia amri ya chmod na hiyo 777. Huko ni kuvunja mlango kwa sababu kitasa ni kigumu. Tena ruhusa ya kufuta faili haitoki katika faili yenyewe, bali katika folda ilimo faili hiyo. Folda ikiachwa wazi, hata faili tusiyoweza kuiandika yaweza kufutwa.

Juu ya hao wote yuko root. Ruhusa nilizozitaja hazimzuii. Amri yake moja iliyokosewa herufi yaweza kufuta kazi ya muhula mzima. Ndiyo maana Ubuntu huifunga akaunti ya root tangu siku ya kwanza, na aliyeruhusiwa hutumia sudo: hupanda cheo kwa kazi moja, na alilolifanya huandikwa katika kumbukumbu. Naye ajiingizaye bila ruhusa akumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yahesabu jambo hilo kuwa kosa.

Kwa heshima nasema kwamba desturi hii yawahusu wakubwa pia. Mwalimu aliyekabidhiwa ufunguo asifanye kazi za kila siku akiwa root, wala neno la siri lisibandikwe ukutani.

Hata hivyo wenzangu wana haki katika jambo moja: hakuna ajuaye kulima asiyeshika jembe. Kwa hiyo nawaomba walimu na wazazi itengwe kompyuta moja kuukuu, isiyo na alama wala kazi ya mtu, nasi tupewe root yake. Tukiiharibu, tutaiwekea Linux upya kwa mikono yetu wenyewe, nayo Linux yapatikana bila malipo. Hapo ndipo tutakapojifunza. Katika kompyuta nyingine zote, tungoje zamu yetu.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne