Daaba ya Merti na Ukimya wa Wahakiki

Kila wahakiki wetu wanapoalikwa katika makongamano ya kimataifa kuhusu uhamiaji, uraia na utambulisho wa kitaifa, huenda na vielelezo vilevile: mwandishi aliyehamia London, mhusika asiye na pasi, hamu ya kwao. Hatuvibezi. Tunachokipinga ni dhana iliyo nyuma yake, kwamba mtu hawi mgeni mpaka awe amehama.

Waborana wa Waso walioko Merti walifanywa wageni kwa kuzuiwa kuhama. Katika vita vya 1963 hadi 1967, vilivyofuatia kupuuzwa kwa matakwa ya wengi wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini waliotaka kujiunga na Somalia, serikali changa ya Kenya iliwakusanya wafugaji katika vijiji vilivyolindwa na askari, Merti na Garba Tulla vikiwamo. Mifugo isiyoweza kufuata malisho iliangamia. Kipindi hicho Waborana hukiita daaba: kusimama kwa kila kitu. Kisha sheria ya mwaka 1970 ikawakinga watumishi wa dola dhidi ya mashtaka kwa yaliyotendeka huko, Isiolo ikitajwa kwa jina.

Sasa tuwaulize wasomi wa Kiswahili: ni nani aliyelipokea neno shifta katika lugha yetu bila kulihoji? Neno hilo lilitoka Ethiopia, likiwa na maana ya mwasi au mnyang'anyi wa nyikani. Lilipoingia redioni na magazetini likawa jina la jamii nzima, watoto na wazee. Hadi leo twasema "vita vya mashifta" madarasani bila haya. Mhakiki anayejivunia kuifichua itikadi katika sitiari za riwaya ana udhuru gani wa kulipita neno hilo?

Vivyo hivyo kauli ya wasafiri wa kaskazini kwamba "wanaenda Kenya" waelekeapo Nairobi. Wageni huinukuu kama kichekesho. Wengine huitaja kuwa ushahidi wa uhaba wa uzalendo. Kumbe ni kejeli, tena kejeli iliyokomaa.

Kitabu cha Gudrun Dahl kuhusu Waborana hao, Suffering Grass, kilitoka Stockholm mwaka 1979. Hatumlaumu Dahl, alifanya kazi yake, nasi hatukuifanya yetu. Lakini mabadilishano ya kitaaluma ambamo Merti hutoa ushuhuda tu, na nadharia daima hutoka kwingine, hayastahili jina hilo.

Atasema mtu kwamba daaba ni neno la Kiborana, na sisi ni watu wa Kiswahili. Hoja dhaifu! "Diaspora" tuliipokea kutoka Kigiriki wala hatukuomba radhi. Daaba na iwe istilahi ya uhakiki, na masimulizi na nyimbo za Waso zirekodiwe kwa Kiborana, zitafsiriwe kwa Kiswahili kwa idhini ya wenyewe, zisomwe darasani pamoja na riwaya za uhamishoni.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza huko Wajir kukomeshwa kwa uchujaji wa ziada wa waombaji vitambulisho wa kaskazini. Dola imechukua zaidi ya miaka 60 kufika hapo. Sisi hatuna muda huo: aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1966 sasa anakaribia 80, na masimulizi yake bado hayamo katika maktaba zetu.