Uvumilivu wa Muuguzi Usigeuzwe Kufuli la Mdomo

Kuna imani iliyoota mizizi katika hospitali na zahanati zetu, kuanzia Kiomboi hadi Itigi, kwamba muuguzi mwema ni yule anayevumilia. Uuguzi ni wito, tunaambiwa, na mwenye wito halalamiki. Anayepeleka kero kwa mganga mfawidhi huonekana mkorofi. Imani hii inawaumiza wagonjwa. Kila Mei 12 wauguzi huwasha mishumaa kumkumbuka Florence Nightingale na kurudia kiapo chenye jina lake. Huyo anayetajwa kama kielelezo cha wito, alipohudumia majeruhi wa vita huko Scutari kuanzia mwaka 1854, alimwandikia waziri Sidney Herbert barua baada ya barua akitaja kilichopungua. Aliporudi Uingereza alichora takwimu zilizoonyesha kwamba maradhi yanayozuilika yaliua askari wengi kuliko majeraha. Mshumaa wake tumeuchukua, kalamu yake tumeiacha.

Tazama ukimya unavyofanya kazi wodini. Mashine ya presha imeharibika. Muuguzi wa usiku anaandika kwenye kitabu cha ripoti, wa asubuhi anasoma, anasaini, na jioni anaandika yaleyale. Kitabu hakitoki wodini. Manung'uniko yanajaa wakati wa chai, lakini mezani kwa mfawidhi hakuna hata karatasi moja. Wapo wasemao viongozi wanajua. Wanajua kwamba kuna upungufu, basi. Neno hilo peke yake halinunui kitu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 zahanati na vituo vya afya vya umma hupokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na kamati ya usimamizi ya kituo hushiriki kupanga matumizi. Kamati hiyo, iwe Mkalama au Ikungi, haiwezi kutenga fedha kwa jambo ambalo hakuna aliyelitaja. Barua ya nusu ukurasa inatosha: kifaa gani, tangu lini, wagonjwa wangapi hawakupimwa, tunapendekeza nini.

Hoja nzito zaidi ni hofu ya uhamisho, na sitaibeza. Mtu mmoja akisimama peke yake ni rahisi kumhamishia mbali na familia yake. Ndiyo maana barua isainiwe na wauguzi wote wa wodi, ipitie kwa muuguzi mfawidhi, na tawi la chama cha wafanyakazi, TUGHE, lipate nakala. Lakini mzigo huu si wa wauguzi pekee, ni wa viongozi pia. Mwaka 1996 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti kuhusu makosa ya dawa hospitalini: timu zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi, na maelezo yake ni kwamba watu wa timu hizo hawakuogopa kusema. Kwa hiyo Mganga Mkuu wa Wilaya anapokuja kwenye ukaguzi, wodi isiyo na kero hata moja iliyoandikwa isipongezwe. Aulize kwa nini wauguzi wake hawaandiki, na pale walipoandika, aombe kuona majibu waliyopewa.